Kabla Hujaweka Bei Kwenye Elimu ya Wazee

Miaka mitatu iliyopita nilifanya onyesho Mikocheni, Dar es Salaam, nikaliona zuri mpaka habari zake zilipomfikia shangazi yangu. Nilitandika mkeka, nikapanga chupa tupu za maji, na ndani ya kila moja nikatia karatasi niliyoandika kwa mkono kipande cha mafunzo ya wazee: wimbo wa kubembelezea mtoto, matumizi ya mwarobaini, fumbo la unyago wa Kizaramo. Shingoni mwa kila chupa nilifunga kibandiko cha Sh5,000, kisha nikaketi kimya kusubiri wateja. Nilikusudia watazamaji waone haya kununua utamaduni kama wanunuavyo karanga. Hawakuona haya, waliomba wapunguziwe, wakalipa, wakaenda zao, na jioni ile nilihesabu Sh62,000 ambazo hata shilingi moja haikumfikia mwenye maneno.

Mwaka 1992, wasanii wa maonyesho Coco Fusco na Guillermo Gómez-Peña walijifungia ndani ya kizimba mjini Madrid wakijifanya wenyeji wa kisiwa kisichokuwapo, na watazamaji wengi waliamini, hata wakatoa fedha ili wapigwe picha nao. Wale, hata hivyo, waliuza miili yao na kisa walichokibuni wenyewe, ilhali mimi niliuza amana ya watu.

Shangazi, ambaye ni kungwi huko Magomeni, hakunigombeza kwa sababu ya fedha. "Mwanangu, hata mimi nalipwa," aliniambia. "Napewa kanga, napewa mchele na pesa. Lakini kila ninayemfunda namjua mama yake, na akiharibu naitwa mimi." Maneno hayo yalinikumbusha kwamba kwetu elimu haikuwa bure hata zamani, kwani mwanafunzi alipohitimu, fundi au mwalimu wake alipewa kilemba. Elimu hugeuka bidhaa pale mnunuzi anapoichukua bila kubaki na wajibu wowote kwa aliyemfundisha, na mimi ndiye niliyeukata uzi huo.

Kwa hiyo, wewe unayeandaa onyesho la namna hii, mfuate mwenye elimu kabla hujanunua hata kamba ya kufungia bei. Msimulie onyesho zima, pamoja na sehemu unayohofia kuwa itamuudhi, kisha umwachie aamue kipi kisitoke nje. Mgawanyo wa mapato uandikwe mapema. Baraza la Sanaa la Taifa nalo liulizwe, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iliweka sehemu mahususi ya kulinda sanaa za jadi.

Nilipolirudia onyesho, shangazi aliketi mwenyewe kando ya mkeka, akipokea fedha na kuzifunga kwenye pindo la kanga. Chupa za unyago aliagiza ziachwe tupu, zimezibwa vizuri. Msichana mmoja alinyanyua mojawapo, akaitazama juani, akauliza ni shilingi ngapi. Shangazi akamwuliza jina la mama yake.