Maswali na majibu: Askari wadogo na vita vya kwetu

Barua nyingi safari hii zinahusu diorama, yale mandhari madogo ya mezani yenye askari wa kuchezea, kuta, mchanga na miti. Wachache wanauliza jinsi ya kubandika au kupaka. Wengi wanauliza watengeneze nini.

Salaam aleikum fundi. Nimenunua pakiti ya askari wa plastiki, mbao ninayo, rangi ninazo. Nikikaa mezani kichwa kinakuwa kitupu. Wenzetu mawazo mnayatoa wapi? (Msomaji, Tudor)

Waaleikum salaam. Nadhani mawazo unayo, ila ni makubwa mno. Mtu akisema "natengeneza vita" amejitwika mzigo usiobebeka, maana vita havienei mezani. Kinachoenea ni dakika moja, na watu wawili watatu wanaofanya jambo linaloeleweka bila maelezo.

Nenda Fort Jesus. Najua ulishapelekwa na shule ukachoka na jua. Safari hii viache vibao, utafute ile michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliokuwa wakilinda humo: meli, watu, vitu walivyovikumbuka. Watu wazima waliokuwa mbali na kwao, wanangoja, hawana la kufanya, wanachora ukutani. Hapo umeshapata kazi. Mmoja ameegemeza bunduki na anachora, mwenzake amesimama nyuma anamkosoa. Askari wawili, ukuta wa upana wa kiganja, imekwisha.

Ukitaka kuingia ndani zaidi, soma habari za mzingiro. Ngome ilianza kujengwa 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano aliyewatumikia Wareno, na Waomani waliizunguka tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698. Kila anayesikia neno mzingiro hukimbilia mizinga na ngazi, lakini humo ndani maradhi na njaa vilifanya kazi kubwa kuliko risasi. Ilifika wakati, mwaka 1697, Wareno wakawa wamekwisha, na ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, jamaa zake, na Waafrika wachache ambao wengi wao walikuwa wanawake. Wakaishikilia hivyo hivyo mpaka msaada ulipoingia Septemba. Wanawake juu ya ukuta wa Fort Jesus, wanatazama bahari kama kuna tanga linalokuja! Kwenye pakiti ya dukani hao hawamo, itakubidi uwachonge, na mimi ningeanza na hao kabla ya Mreno yeyote.

Halafu ingia ndani ya makumbusho utazame vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka huo huo wa 1697 na kuchimbuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980. Tazama vyombo vya kulia na vitu vya kila siku. Sanamu ya askari aliyeshika sahani hueleza habari zake kuliko aliyeshika upanga.

Fundi, kila picha ninayoiona ni ya Ulaya: theluji, vifaru, misonobari. Mimi theluji sijapata kuiona. Vita vya huku kwetu vipo vya kutengeneza? (Mwanafunzi, Likoni)

Vipo tele, na afadhali umeuliza, kwa sababu theluji ya mtu asiyeijua hufanana na sima iliyomwagika. Tengeneza unachokijua. Wewe wajua maji kupwa na kujaa, wajua matope ya mikoko, wajua jua la saa saba mchana linavyofuta vivuli.

Chukua vita vya Shela, mwanzoni mwa miaka ya 1810. Wamazrui wa Mombasa na washirika wao wa Pate walivuka kwenda kuipiga Lamu, wakateremka Shela, wakashindwa. Wakakimbilia vyombo vyao, kumbe maji yamekupwa na vyombo vimekaa mchangani. Ningekuwa mimi, nisingeweka pigano hata moja. Ningeweka jahazi limelala ubavu, watu wanalisukuma kwa mabega, na mmoja amegeuka kutazama nyuma. Na kabla ya kukata mbao, soma mashairi ya Muyaka bin Haji. Aliishi hapa Mombasa enzi hizo hizo na ugomvi wa mji huu na jirani zake aliutungia sana. Humo utapata hasira na kejeli za wakati ule, na hivyo ndivyo vitakavyokuambia sura ya askari wako iweje.

Au Tanga, Novemba 1914. Waingereza walileta kwa meli askari wapatao 8,000 kutoka India, Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck wakiwa kama 1,000 tu, na nyuki wakaingilia kati. Waliovamia walirudi melini wakaacha bunduki na risasi ufukweni, kisha wakaletwa hapa Mombasa. Ukiitengeneza hiyo, nakusihi usiwaweke nyuki. Nyuki wa milimita 12, ukimpunguza kwa kipimo cha 1/35, anabaki theluthi moja ya milimita. Hata punje ya pilipili manga iliyosagwa itaonekana kama njiwa. Tundika mzinga mtini, kisha waonyeshe watu: huyu amefunika uso kwa kofia, yule ametupa bunduki anapunga mikono. Nyuki mtazamaji atawaona mwenyewe.

Bara kidogo kuna Salaita, kilima cha karibu na Taveta, ambako tarehe 12 Februari 1916 askari wa Afrika Kusini waliwashambulia Wajerumani wakarudishwa. Ukipita Voi chota udongo mwekundu kwenye mfuko. Hakuna rangi ya chupa itakayoupata wekundu ule.

Na kuna vita bila bunduki. Mwaka 1942 manowari za Uingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini, na wasikilizaji wao wa redio, kazi yao kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani, wakawekwa shule ya Allidina Visram. Darasa, meza, vipokea sauti masikioni, dirisha linalotazama bahari, mtu amelowa jasho juu ya karatasi zilizojaa tarakimu. Wewe ni mwanafunzi, dawati walijua vizuri.

Hawa askari wa kijani wa madukani wote ni Wamarekani wa juzijuzi. Nataka askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la huku Afrika Mashariki) wa Vita vya Kwanza. Nitupe hawa? (Msomaji, Changamwe)

Usitupe. Kwanza nenda Barabara ya Jomo Kenyatta ukazitazame zile sanamu za askari wa vita hivyo. Watu hupita hapo kila siku na matatu bila kugeuza shingo. Zunguka, piga picha kila upande, hasa mgongoni, kwa sababu vitabu huonyesha mtu kwa mbele tu nawe utahitaji kujua mkoba unaning'inia vipi.

Kisha kata kofia ya chuma kwa kisu chenye makali na ujenge kofia mpya kwa ile gundi ya udongo ya sehemu mbili inayouzwa maduka ya hadiwea ya kuziba mabomba. Suruali ifanye kaptura: futa mikunjo chini ya goti, zungushia mguu ukanda mwembamba wa karatasi uwe bandeji ya kitambaa waliyojifunga. Wengi walikwenda peku, kwa hiyo kwangua buti mpaka upate wayo. Vidole utachora kwa ncha ya sindano.

Jambo moja la plastiki ile laini: rangi huibanduka. Ioshe kwa sabuni, iache ikauke, weka rangi ya msingi, na usimkunje askari baada ya hapo.

Usiwasahau wapagazi. Katika kampeni ile waliobeba mizigo walikuwa wengi kuliko waliobeba bunduki, na wengi walikufa kwa maradhi na njaa. Diorama ya KAR isiyokuwa na mpagazi hata mmoja naiona pungufu.

Shikamoo mwalimu. Marehemu babu yangu alipigana Burma. Tuna picha yake moja tu, amevaa kofia ya ukingo mpana. Nataka kumtengenezea kumbukumbu lakini sijui pa kuanzia. (Mama wa watoto wawili, Kisauni)

Marahaba mama. Anzia kwa waliobaki: bibi, shangazi, jirani wa umri wake. Usiwaulize habari za mapigano, maana wengi hawakuzisimulia nyumbani. Uliza alikula nini huko, aliugua nini, alirudi na kitu gani mkononi, aliporudi aliimba wimbo gani. Jibu moja dogo, kwa mfano kwamba alichukia nyama ya mkebe, latosha kuzaa mandhari nzima: watu watatu chini ya turubai, mikebe imefunguliwa, mmoja amesukuma wake kando.

Kama alikuwa na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, basi mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za huko. Mvua yenyewe haitengenezeki. Ukining'iniza nyuzi itakuwa kichekesho. Tengeneza alama zake. Chukua machicha ya kahawa, yaanike juani mpaka yakauke kabisa, changanya na gundi nyeupe ya seremala na rangi ya kahawia, yatakuwa matope. Juu yake pitisha vanishi inayong'aa, na majani na mabega ya askari uyapake hiyo hiyo. Machicha yakibaki na unyevu, kwa joto letu yataota koga baada ya siku chache.

Hiyo picha usiibandike kwenye diorama. Itoe nakala, na ile ya asili uitunze mbali na jua.

Mimi napenda kazi hii, lakini mzee wangu nyumbani hataki sanamu za viumbe. Nifanyeje? (Kijana, Mji wa Kale)

Fatwa si kazi yangu, muulize sheikh wako, na mzee wako muheshimu. Ninaloweza kukuambia la ufundi ni kwamba diorama isiyo na mtu hata mmoja ni kazi halali ya sanaa hii, na pengine ndiyo ngumu kuliko zote. Askari wameondoka sasa hivi. Jivu bado lina moshi, sufuria imepinduliwa, kiatu kimoja kimebaki mlangoni, tundu za risasi ukutani. Unayo mitaa ya kutazama hapo hapo unapoishi: milango ya nakshi, barza, chokaa inayobanduka ikaonyesha mawe ya matumbawe chini yake. Mafundi wengi hujificha nyuma ya askari wao. Ukuta ukiwa mbaya, askari aliyepakwa vizuri huufunika. Wewe hutakuwa na pa kujificha.

Mchanga wa pwani unafaa? (Msomaji, Bamburi)

Unafaa ukiuosha mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi. Chumvi ikibaki hunyonya unyevu na kula waya. Uchekeche kwa chujio la chai, upate laini kwa ardhi na mkubwa kwa mawe. Matumbawe na makombe ya hifadhi ya bahari yaache baharini. Kuyaokota ni kosa, na isitoshe vipande vya plasta vilivyovunjika hufanya mwamba mzuri zaidi. Makumbi ya nazi yakichambuliwa ni nyasi kavu za bure.

Nimerithi askari wa chuma wa zamani sana, wazito, rangi inabanduka. Watoto wanaweza kuwachezea? (Msomaji, Nyali)

Hapana. Wengi wa wale wazee walitengenezwa kwa madini ya risasi, hata wale wenye uwazi ndani ambao kampuni ya William Britain ya Uingereza ilianza kuwatoa 1893, na madini hayo ni sumu, hasa kwa mtoto anayetia kila kitu kinywani. Usiwapige msasa. Ukiona unga mweupe juu yao usiupulize. Waweke kabatini penye kioo, nawa mikono, na wala usiwapake rangi mpya, maana mkusanyaji huwataka na rangi yao ya kale.

Nimeanza diorama tatu, sijamaliza hata moja. Mke wangu anataka meza yake. (Msomaji, Mikindani)

Mke wako ana haki. Nimesoma barua yako ndefu na kila moja ya hizo tatu ni ngome nzima. Piga hesabu: ukuta wa mita 10, kwa askari wa 1/35 ambao urefu wao ni kama sentimita 5, unakuwa karibu sentimita 29 kwenda juu. Kwa 1/72 ni sentimita 14. Hapo hujaweka mnara, hujaweka bahari.

Katika zile tatu chagua askari mmoja unayempenda, wengine watie kwenye katoni. Tafuta kipande cha mbao cha sentimita 10 kwa 10, au kigae kilichobaki baada ya kujenga, na hicho ndicho kiwanja chako chote. Kona ya ukuta, mlango nusu, yeye. Usinunue kitu kipya mpaka hicho kikauke. Kikiisha niandikie, na ukitaka niambie pia meza ilirudi lini.