Vitabu vya parokia vikipingana kuhusu babu yako

Ndugu yangu unayeanza kutafuta ukoo wako huku Usukumani na visiwa vya Ziwa Viktoria, jiandae: kitabu cha ubatizo kitakupa umri mmoja wa babu, cha ndoa kitakupa mwingine. Usishike ule unaokupendeza. Uliza kwanza ni nani aliyeandika, na nani alimpa habari.

Wamisionari wa Afrika, yaani shirika la Kikatoliki la White Fathers, walifika pwani ya kusini mwa ziwa mwishoni mwa 1878, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi. Kwa utaratibu wao, mtu mzima alifundishwa dini miaka minne ndipo abatizwe. Kwa hiyo tarehe ya ubatizo iamini, ila umri wake ni makadirio ya padre. Mtoto mchanga ni habari nyingine; hapo siku ya kuzaliwa ina uzito.

Kuna pia mtoto aliyebatizwa na katekista kigangoni akiwa mahututi, akapona, kisha akapelekwa parokiani kukamilishiwa ibada. Ukikuta tarehe mbili, tafuta pembeni maneno ya Kilatini *in periculo mortis* (katika hatari ya kufa) kabla ya kusema mwandishi alikosea. Na soma miezi taratibu: 8bris ni Oktoba, siyo Agosti, na 7bris ni Septemba. Wageni wengi huteleza hapo.

Kinachonigusa zaidi ni jina la baba. Baba akifariki mapema, mara nyingi baba mdogo ndiye aliyelea, akasimama kanisani, na jina lake likaandikwa. Kitabu hakitakueleza hilo, bibi atakueleza. Usimuulize “baba yake nani?”, maana atakujibu baba mdogo bila kusita. Muulize nani alimzaa, na alikulia kwa nani. Nenda mapema, wazee hawa hawatungoji.

Majina nayo yanajirudia: Kulwa na Doto wamejaa kila ukoo, na Bundala wa ukurasa huu anaweza kuwa Ng'wana Bundala (Kisukuma, mtoto wa Bundala) wa ukurasa ule, au mwanawe. Linganisha kigango, msimamizi wa ubatizo na jina la mama. Tangu 1908 sheria ya Kanisa inataka ndoa iandikwe pembeni mwa jina kwenye kitabu cha ubatizo. Ukiukuta mstari huo, vitabu viwili vimekubali kwamba ni mtu mmoja.

Mpaka hapo, andika habari zote mbili kwenye daftari, kila moja na kitabu chake, ukurasa na namba ya LB (Liber Baptizatorum, kitabu cha ubatizo). Na kabla ya kwenda ofisi ya parokia, omba barua kwa paroko wako. Makatibu wengi hawafungui kabati bila hiyo.