Ni jinamizi, usiogope

Dadangu wa Kisauni, umeuliza kwa nini waamka usiku macho wazi, mwili haukubali kusonga, na kifua kama kimekaliwa na mtu. Pole sana. Hilo ni jinamizi, na lenyewe halidhuru. Tunapoota, ubongo huilegeza misuli tusije tukarusha mikono na miguu kuifuata ndoto. Wakati mwingine akili huamka kabla misuli haijaachiliwa, na ndoto bado yaendelea. Ndiyo maana waona kivuli mlangoni. Hupita kwa sekunde kadhaa, au dakika moja mbili.

Lala ubavu, si chali. Na hiyo mogoka (aina ya miraa) unayotafuna ili ukeshe, tafadhali iache: usingizi wa mang'amung'amu huliita jinamizi. Likikushika, jaribu kutikisa kidole kimoja cha mguu. Mimi hujinasua hivyo. Ukisinzia ovyo mchana pia, muone daktari.