Usilipie tiketi ya Monastir kabla hujawa na mwenza

Dogo, hiyo tiketi usiilipie. Umeandika unaacha tenisi ya mmoja mmoja ili ubaki na wawili wawili tu, unakwenda mashindano ya Monastir, Tunisia, wiki nane, na wakala kakuhakikishia "mwenza atapatikana hukohuko". Na mimi niliambiwa hivyohivyo, pesa haikurudi. Wakala analipwa kwa chumba na uwanja wa mazoezi. Ucheze usicheze, chake anacho.

M15, yale mashindano ya ngazi ya chini ya wanaume, inachukua jozi 16. Zinajumlishwa nafasi zenu wawili kwenye viwango vya ubora, na kila mmoja anatumia iliyo bora kati ya ile ya mmoja mmoja na ile ya wawili; jumla ndogo ndiyo inayotangulia. Tuseme wewe ni wa 1,300, uliyemkuta mapokezi ni wa 1,200: jumla 2,500. Jozi ya mwisho kuingia ikiwa na 2,100, mko nje, na chumba mnalipa vilevile. Ungekuwa na mtu wa 700, mngeingia. Sasa mtu wa 700 hasubiri Jumapili jioni kutafuta mwenza. Alishapatana na mtu wiki mbili nyuma. Wanaobaki wakiulizana hotelini ni wale ambao hesabu yao haifiki, kama yako. Mwenza unampata kweli, nafasi ya kucheza ndiyo hupati. Huo uongo unaniuma mpaka leo.

Ndiyo maana kuacha mmoja mmoja sasa hivi ni kujinyima mtaji: nafasi hiyo ndiyo inayomfanya wa 700 akujibu. Na pointi zinazokupa nafasi hiyo zinafutika baada ya wiki 52. Umemtaja Bopanna, yule Mhindi, kuwa namba moja wa wawili wawili akiwa na miaka 43. Alicheza mmoja mmoja miaka mingi kabla ya hapo. Pesa nazo, jozi bingwa ya M15 inagawana chini ya dola 1,000.

Mwenza kwanza, tiketi baadaye. Kujiandikisha mmoja mmoja kunafungwa Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya mashindano, saa 11 jioni kwa saa zetu. Kujitoa bila adhabu mwisho ni Jumanne, siku 13 kabla. Orodha ya walioingia ikitoka, waandikie watano waliomo. Taja nafasi yako, mkono unaotumia, na upande unaopokea, maana wawili wanaotaka kushoto wote watasumbuana. Uliza servi yake ya kwanza inaingia mara ngapi: kwenye 40-40 pointi moja inamaliza gemu, na wanaopokea ndio wanaochagua upande. Mkilingana seti, ya tatu haipo, ni taibreki, yaani gemu moja la kuamua, ya pointi 10. Servi mbili mbovu zinatosha kukurudisha nyumbani. Muulize pia kama atabaki akitolewa mmoja mmoja Jumanne. Wengine wanapanda ndege usiku huohuo.

Mashindano yakitangazwa Kigali au Nairobi, anzia huko. Kutoka Mwanza, Kigali unapita daraja la Kigongo–Busisi, Geita, mpaka Rusumo. Nairobi unapita Sirari. Basi linatosha, na ukipoteza mechi ya kwanza hujaungua wiki nane.

Raketi uliyoizoea inatosha, ziwe mbili zenye nyuzi sawa. Ukishawaandikia hao watano, weka hapa nafasi zao tupige hesabu pamoja kabla hujatuma hela ya mtu.