Bawa la Nyuma: Sikiliza Kona ya Kasi Kabla ya Kushika Spana

Ukitaka kujua bawa la nyuma la gari, lile linalokandamiza mkia chini kwa nguvu ya hewa, limekaa sawa, muda wa mzunguko uache kwanza. Chagua kona moja ya kasi na moja ya polepole, kisha linganisha gari linavyotulia kwenye kila moja. Mimi naendesha Impreza ya milango minne pale Dubai Autodrome, uwanja wa mbio za magari, ambako mzunguko mrefu una kilomita 5.39 na kona za kila aina, na karibu kila nililojifunza kuhusu bawa limetokana na ulinganisho huo.

Nguvu ya bawa hukua kwa mraba wa mwendo. Bawa linalokandamiza kilo 90 ukiwa kilomita 180 kwa saa, ukishuka hadi 60 linabaki na kilo 10 tu. Kwa hiyo gari likitupa mkia kwenye kona ya gia ya pili, bawa msilisingizie. Angalia upepo wa matairi yakiwa ya moto, shokapu, stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), au mguu wako wa kulia. Watu hukimbilia bawa kwa sababu kazi yake ni nyepesi: bolti mbili, na ukiinama pale nyuma na spana unaonekana fundi.

Gari likitulia kwenye kona ya polepole lakini mkia ukawa mwepesi kwenye kona ya kasi, hapo ndipo unaongeza pembe ya bawa. Likitulia kwenye kona ya polepole ila kwenye ya kasi pua ikagoma kuingia kona, punguza. Hili la pili wengi hawalitarajii, maana wanadhani bawa huongeza tu na halichukui kitu. Bawa limekaa nyuma ya ekseli, kwa hiyo gari hufanya kama mkokoteni uliorundikiwa mzigo wote nyuma: mikono ya mbele inanyanyuka. Piga hesabu: bawa likiwa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, na kati ya ekseli mbili kuna mita 2.5, kilo 50 za bawa zinaweka kilo 70 kwenye matairi ya nyuma na kuondoa 20 mbele. Kama huna splita, yaani ubao bapa wa kukandamiza pua, chini ya bampa ya mbele, bawa kubwa litakuudhi.

Dan Gurney, dereva na mtengenezaji wa magari ya mbio wa Marekani, alikutana na jambo hili mwaka 1971, alipofunga kipande chembamba cha chuma kilichosimama wima kwenye ukingo wa nyuma wa bawa la gari la dereva wake Bobby Unser. Saa haikuonyesha nafuu yoyote. Kumbe nyuma palikuwa pameshika mno, mbele pakazidiwa. Angetazama saa peke yake, angekitupa kile kipande. Hadi leo kinabeba jina lake, na urefu wake kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 ya kina cha bawa, yaani kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma. Kwenye bawa la sentimita 25 ni milimita 2.5 hadi 5 tu.

Kupima: egesha gari mahali tambarare, mafuta yakiwemo na mtu wa uzito wako kwenye kiti. Weka rula iguse ncha ya mbele na ncha ya nyuma ya bawa, juu yake weka kipima pembe (hata cha simu kinafaa). Usisome pembe kwenye mgongo wa bawa, kwa sababu umepinda. Kisha badilisha digrii 2 kwa mara moja, na siku hiyo usiguse kitu kingine chochote. Mimi huanza na pembe kubwa kiasi na kupunguza, kwani pua inayogoma ni salama kuliko mkia unaokimbia ukiwa kwenye 160.

Kikomo kipo. Bawa la kipande kimoja likifika kama digrii 12 hadi 15 dhidi ya hewa inayolipiga, hewa huanza kubanduka upande wa chini. Mgandamizo unashuka huku ukinzani wa hewa ukizidi kupanda. Bandika vipande vya uzi wa sufu chini ya bawa kwa selotepu, funga kamera nyuma, zunguka. Uzi ukilala kuelekea nyuma, hewa imeshika. Ukicheza na kugeuka geuka, umepitiliza. Tazama hasa sehemu ya katikati, nyuma ya paa, kwa sababu hewa ya pale huja ikiteremka na pembe yake si sawa na ya kwenye ncha za kushoto na kulia.

Bawa lililofungwa kwenye bati la buti peke yake nalo hudanganya. Bati likibonyea kwenye kasi, pembe uliyopima gereji imeshabadilika. Peleka nguzo zake kwenye fremu.

Hewa yenyewe pia ina neno. Kwenye digrii 45 za kiangazi cha huku, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 8 kuliko asubuhi ya digrii 20. Ndugu zangu wa Nairobi, kwenye mita 1,700 mnapoteza kama asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo pembe mtakayonakili kwa mtu wa pwani haitawapa mgandamizo ule ule. Ongezeni digrii 2, kisha rudini kwenye ile kona ya kasi.