Kabla hujaandika kwamba molekuli zako si za kawaida

Ndugu unayeanza kufuatilia molekuli moja moja zikitembea juu ya kioo, siku ya kwanza tu utaambiwa habari za alfa, kipeo cha muda kinachoonyesha jinsi umbali uliopigiwa mraba unavyokua muda unavyopita. Katika mtawanyiko wa kawaida, ule alioueleza Einstein mwaka 1905, umbali uliopigiwa mraba, kwa wastani, hukua sambamba na muda. Hapo alfa ni 1. Ikishuka, huenda molekuli zinakwama; ikipanda, huenda zinaruka. Utatamani sana kuona 0.6. Mimi niliiona wiki ya tatu, nikaitangaza kwenye kikao cha maabara, na haikuwa kweli.

Fanya hesabu hii kwa mkono wako. Molekuli inatawanyika kwa mikromita mraba 0.01 kwa sekunde, nawe unapiga picha kila sekunde 0.05. Wastani wa mraba wa hatua moja ni nanomita mraba 2,000. Lakini kila unapokadiria kitovu cha doa la mwanga unakosea kidogo. Ukikosea nanomita 30 kwa kila mhimili, kila nukta ya grafu ya wastani huo dhidi ya muda inaongezeka 3,600. Kosa limeizidi safari yenyewe! Nukta ya kwanza inakuwa 5,600, ya kumi 23,600, na ukichora kwa logi pande zote mbili, mwinamo wa mstari kati ya hizo mbili, ambao ndio alfa, ni 0.62. Molekuli ni ya kawaida kabisa. Kwa hiyo anza na chembe zilizonata kwenye kioo, zisizosogea, ulijue kosa lako. Hizo hizo zitakuonyesha kama meza ya darubini inahama polepole, maana uhamaji huo huivuta alfa kuelekea 2.

Ninalolisisitiza kuliko yote ni programu ya kuunganisha madoa ya picha moja na ya picha inayofuata, ili kupata njia ya kila molekuli. Pale kioo kinapokutana na maji, molekuli inaweza kubanduka, ikaelea, ikatua mbali. Miruko hiyo ndiyo tunayoitafuta. Programu itakuuliza: hatua moja isizidi umbali gani? Ukiweka kikomo kidogo, miruko umeikata mwenyewe, kisha utaandika kwamba haipo. Ukiweka kikubwa, utaunganisha molekuli mbili tofauti ukadhani ni moja. Punguza kwanza idadi ya molekuli kwenye sampuli, ziwe mbalimbali. Halafu rudia uchambuzi kwa vikomo vitatu au vinne. Alfa ikibadilika kila unapogusa kikomo, usimpelekee msimamizi wako bado. Rudi kwenye darubini.