Jina Lililotoka kwenye Cherehani

Mliuliza wiki hii: ni bendi gani ya roki ambayo asili ya jina lake inavutia zaidi, na jina lenyewe lilipatikana vipi? Najua wengi watawakimbilia Beatles au Pink Floyd. Mimi nasema AC/DC, na msinilaumu kwa upendeleo, maana riziki yangu hapa Nairobi ni kutengeneza mota za cherehani.

Bendi hiyo ilianzia Sydney, Australia, mwezi Novemba 1973. Waanzilishi ni ndugu wawili, Malcolm na Angus Young, wazaliwa wa Glasgow waliohamia Australia na familia yao mwaka 1963. Magitaa walikuwa nayo, kelele walikuwa nazo, jina hawana. Dada yao Margaret ndiye aliyeona herufi AC/DC kwenye cherehani ya umeme, akawaambia. Wakalipenda, kwa sababu lilibeba nguvu waliyotaka isikike kwenye muziki wao. Usiku wa tarehe 31 Desemba mwaka huo huo wakapiga katika klabu ya Chequers, Sydney.

Lakini kwa nini cherehani iandikwe hivyo? Stima ya ukutani ni AC, inakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Ya betri na ya sola ni DC, inakwenda upande mmoja tu. Vifaa vingi hukubali aina moja. Ile mota ndogo ya cherehani za zamani haichagui: koili za nje na za ndani zinapitiwa na mkondo mmoja, kwa hiyo stima ikigeuka zote zinageuka pamoja, na mota inaendelea kuzunguka upande ule ule. Zamani miji mingine ilikuwa na mitaa ya DC na mitaa ya AC, na mwenye kiwanda alitaka kuuza kote.

Ukiifungua mota kama hiyo, ukafuta grisi iliyoshikana na vumbi la nyuzi, utakuta kibati kidogo kimepigwa ribiti: volti, wati, halafu AC/DC. Ubavuni kuna vifuniko viwili vyeusi vya skrubu, na ndani yake vipande vya kaboni. Hivyo ndivyo huisha, mota ikaanza kurusha cheche, na mteja akaja mbio akidhani imeungua.

Sasa, sisi tuliokuwa shule ya upili miaka ya 1990 tulipewa maelezo mengine kabisa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, na siku zile gitaa la umeme lilitosha kukutilia shaka. Wenzetu wa CU, chama cha wanafunzi Wakristo, walituapia kwamba herufi zile ni kifupi cha maneno ya kumpinga Kristo. Kweli, bendi yenyewe haikujisaidia ilipotoa albamu ya Highway to Hell mwaka 1979, ingawa Angus alieleza kwamba walikuwa wakisema juu ya taabu za kuzunguka kwenye ziara. Uvumi huo haukuwa wa Kenya peke yake, hata Marekani ulivuma. Na ile radi iliyo katikati ya herufi, iliyochorwa na Gerard Huerta, wengine waliiona kuwa alama ya pepo mchafu. Mimi naona tu ile ya kwenye kibao cha hatari pale kwenye transfoma.

Watu husifu vidole vya Angus kwenye gitaa, na mimi pia navisifu. Ila kura yangu wiki hii naipeleka kwa Margaret. Hata ile kaptura na koti la shule ambalo Angus amelivaa jukwaani mpaka uzeeni, wazo lilikuwa la dada huyo huyo.